Usipopanga, Utapangiwa: Mipangilio ya Kazi za Kompyuta Winguni

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotangazwa katika makala yetu ya sayansi na teknolojia.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo kwa kulisikia tu laweza kuonekana ni la mafundi peke yao: mipangilio ya kazi zinazofanywa na kompyuta za mbali, zile ziitwazo wingu, pale zinapofundishwa kutambua sauti, picha au maandishi. Nakuomba usizime redio. Nitaanza na kaseti.

Wengi wenu mnazikumbuka kaseti za salamu. Kabla ya simu za mkononi kuenea, mzazi aliyekuwa Unguja au Lamu na mwanawe yuko Uarabuni au Ulaya aliketi mbele ya redio kaseti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza. Kaseti ile ikafungwa katika bahasha na kukabidhiwa msafiri. Ilikuwa barua, ila barua yenye pumzi, kikohozi, na jogoo akiwika uani.

Miaka michache iliyopita, sisi watu wachache tunaoishi hapa Uingereza, kwa kujitolea na nje ya saa zetu za kazi, tulianza kuzikusanya kaseti hizo kabla hazijaoza. Tulianza na kaseti 60. Wenzetu wa Mombasa na Maskati walizigeuza kuwa mafaili ya kompyuta na kuyatuma kwa njia ya intaneti. Nia yetu ilikuwa kuzipatia familia maandishi ya maneno ya wazee wao, na baadaye, kwa wale watakaoridhia, sauti hizo zisaidie kuzifundisha kompyuta kusikia Kiswahili cha watu wa makamo na wazee.

Haja hiyo si ndogo. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa modeli ya kutambua usemi iitwayo Whisper, iliyofundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, takriban saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza kilichoandikwa kwa Kiingereza. Lugha nyingine 96, Kiswahili kikiwa mojawapo, ziligawana takriban saa 117,000, na mgawo wenyewe haukuwa sawa. Modeli haiwezi kujua usemi ambao haijausikia. Asiyesikika leo, kesho hataeleweka.

Sasa, kazi kama hiyo hufanywaje? Kompyuta ya nyumbani yaweza kuifanya kwa taabu na kwa muda mrefu. Kwa hiyo watu hukodi kompyuta kutoka kwa makampuni makubwa, na kulipa kwa saa au kwa sekunde. Amazon ilianza kuuza huduma za namna hii mwaka 2006. Baadaye zikafuata Google, Microsoft na wengine. Neno wingu lisikudanganye, msikilizaji. Hakuna kinachoelea angani. Ni majumba yenye maelfu ya kompyuta, yenye ulinzi, umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto, na kila jumba liko katika nchi fulani, chini ya sheria fulani.

Kazi yenyewe hugawanywa katika hatua. Sauti husafishwa, hukatwa vipande, lugha hutambuliwa, maneno huandikwa, kisha matokeo hukusanywa mahali pamoja. Mafundi huufananisha mfululizo huo na bomba, kwa kuwa kinachotoka hatua moja ndicho kinachoingia hatua ifuatayo. Na kwa kila hatua kuna maswali ya kujibiwa. Itumie kompyuta ya nguvu gani? Ikae katika nchi gani? Iruhusiwe kusoma mafaili yapi? Ipewe muda gani? Ikishindwa, ijaribu tena, isimame, au iruke? Majibu ya maswali hayo huandikwa katika faili dogo la mipangilio, ambalo mara nyingi halizidi kurasa mbili.

Kwetu sisi watayarishaji wa vipindi, faili hilo si jambo geni. Kabla ya kuingia studio huandika mpangilio wa kipindi: nani anaanza, ripoti ipi inafuata, ina dakika ngapi, na simu ikikatika tutacheza nini. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Nikisahau kuandika jambo, mtangazaji au fundi mitambo atanigeukia na kuniuliza. Kompyuta haiulizi. Pale ulipoacha pengo, hutia jibu lililoandikwa na mtu asiyekujua, aliyekaa ofisini kwake, akikisia mahitaji ya watu wote duniani. Jibu hilo huitwa mpangilio wa awali.

Mifano iko wazi katika maelezo ya makampuni yenyewe. Katika huduma ya Google iitwayo Vertex AI Pipelines, hatua ambayo hukuitajia kompyuta hupewa yenye viini 4 vya prosesa na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Katika huduma ya Amazon iitwayo SageMaker, kazi ya kufundisha modeli ambayo hukuiwekea kikomo cha muda huachiwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Si makosa, kwani lazima iwepo namba. Lakini aliyeichagua hakuwahi kuisikia kaseti yako.

Sasa nikueleze yaliyotupata sisi. Kampuni tuliyokodi kompyuta zake sitaitaja, maana haikufanya lolote ila kutii tulichoandika, na kutujazia tusichoandika.

La kwanza lilikuwa lugha. Modeli tuliyoitumia ina mpangilio wa kuiambia ni lugha gani inasikiliza. Hatukuujaza. Usipojazwa, modeli husikiliza nusu dakika ya mwanzo, hukisia lugha, kisha huandika kaseti yote kwa lugha hiyo. Msikilizaji, wewe unajua wazee wetu wa pwani huanzaje kuzungumza. Huanza kwa Bismillahi, kisha maamkizi kamili, kisha dua. Nusu dakika huisha kabla neno moja la Kiswahili halijatamkwa. Tulipofungua matokeo tukakuta kurasa nzima za hati za Kiarabu, maneno yasiyo na maana kwa Mwarabu wala kwa Mswahili. Mama alikuwa akieleza bei ya mchele Darajani, nayo kompyuta ikijitahidi kumfanya Mwarabu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: lugha ni Kiswahili.

La pili lilikuwa saa, na hili linaniaibisha. Kazi ilitakiwa kuanza usiku wa manane wa Afrika Mashariki, wakati wenzetu wamelala na hakuna anayetuma mafaili. Katika karatasi ya maelekezo niliandika, kama ambavyo wewe ungeandika, saa 8 usiku. Kijana tuliyekuwa naye, mzaliwa wa hapahapa Uingereza, akainakili 8 katika ratiba ya kompyuta. Ratiba nyingi za huduma hizi, usipozitajia majira ya mahali, hufuata saa za kimataifa, ambazo kwa matumizi yetu ni sawa na GMT. Basi kazi ikaanza saa 5 asubuhi Mombasa na saa 6 mchana Maskati, saa zilezile ambazo wenzetu walikuwa katikati ya kutuma. Mafaili yalichukuliwa nusunusu. Namba sahihi haikuwa 8, wala haikuwa 2. Ilikuwa 23, tena ya siku iliyotangulia. Nami ni mtu niliyekula mkate wangu kwa miaka mingi kwa kutangaza saa za GMT na za Afrika Mashariki kwa pumzi moja.

La tatu lilikuwa akiba. Ili kuokoa muda na fedha, huduma hizi zaweza kuhifadhi matokeo ya hatua iliyokwisha kufanywa. Hatua hiyo ikiitwa tena na maingizo yaleyale, haifanyiwi kazi upya. Matokeo ya zamani ndiyo hurudishwa. Ni jambo jema, na mahali pengine ndiyo hali ya awali. Sisi tulisahihisha orodha ya majina ya watu na mitaa ili yasiandikwe ovyo, lakini tukaihifadhi orodha mpya kwa jina lilelile la faili. Kompyuta ikaona jina halikubadilika, ikaamini na yaliyomo hayakubadilika, ikatupa matokeo ya wiki iliyopita kwa haraka ya kupendeza. Tulishangilia kasi hiyo siku mbili kabla ya kugundua kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu hapo kila orodha mpya hupewa jina jipya lenye tarehe.

Yote hayo, msikilizaji, yalikuwa makosa yenye kelele. Ukiona hati za Kiarabu mahali pa Kiswahili, unajua kuna jambo. Kosa la nne lilikuwa kimya, na ndilo lililonifanya niombe nafasi ya mazungumzo haya.

Faili letu la mipangilio hatukuliandika kuanzia mwanzo. Tulichukua mfano uliotengenezwa kwa ajili ya taarifa fupi za habari, tukabadilisha majina. Katika mfano ule kila sauti ilipewa kikomo cha dakika 30 za kufanyiwa kazi, na palikuwa na mstari mwingine uliosema: sauti moja ikishindwa, iruke, endelea na nyingine. Kwa taarifa ya dakika tano, mipangilio hiyo ni ya busara kabisa. Kwa kaseti zetu ilikuwa upanga. Kaseti ndefu kuliko zote zilikuwa za dakika 90, na kompyuta ya kawaida tuliyoikodi haikuweza kuzimaliza kwa nusu saa. Dakika ya 30 ilipofika, kila moja ilikatwa, ikarukwa, na bomba likaendelea kutiririka. Mwisho wa yote kioo kilituandikia kwa rangi ya kijani: kazi imekamilika.

Aliyetuzindua hakuwa fundi. Alikuwa bibi mmoja wa Maskati, aliyetukabidhi kaseti ya marehemu mama yake, iliyorekodiwa Unguja. Alinipigia simu akauliza kwa upole, "Mwanangu, wa kwetu mbona hajafika?" Nikamjibu kwa uhakika wa kijinga kwamba kazi imekwisha salama. Akasema, "Basi nitafutie, maana mimi sijamsikia."

Nilikwenda kuhesabu. Zilizoingia zilikuwa 60. Zilizotoka zilikuwa 49. Kaseti 11 hazikuwapo, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Nilipozitazama hizo 11 nilikaa chini. Vijana waliotuma salamu za haraka walikuwapo wote. Waliokatwa walikuwa karibu wote wazee, watu wasemao polepole, wanaomtaja kila mtu wa nyumba kwa jina na kumuulizia hali, waliojaza kaseti pande zote mbili kwa kuwa hawakujua lini atapatikana msafiri mwingine. Yaani sauti zilezile tulizozianzishia mradi ndizo tulizozitupa. Na kama tungeendelea kuifundisha modeli kwa hizo 49, ingejua Kiswahili cha wenye haraka peke yao, nasi tungesema kompyuta haielewi wazee, bila kujua kwamba ni sisi tuliowafungia mlango.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mpangilio si jambo la kiufundi tu. Kikomo cha dakika 30 kinaonekana ni namba isiyo na upande. Lakini kila namba ina watu inaowapitisha na watu inaowaacha nje, na kompyuta haikuambii ni akina nani.

Tulipomrudia bibi yule kumwomba radhi, aliuliza swali la pili, zito kuliko la kwanza. "Na hizi sauti zetu, mwanangu, zimelala wapi?" Sikuwa na jibu. Hatukuwa tumechagua nchi. Mifano mingi ya makampuni ya Marekani huja imeandikwa majimbo ya kwao, kama Virginia au Iowa, na mfano wetu ulikuwa hivyo. Sauti ya mama wa Unguja, aliyezungumza siri za nyumba yake na mwanawe aliye Maskati, ilikuwa imepelekwa Marekani kwa uamuzi wa mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.

Chaguo lingekuwapo. Microsoft ilifungua maeneo yake ya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Katika Ghuba, Amazon ilifungua Bahrain mwaka 2019 na Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2022, na Google ikafungua Doha mwaka 2023. Sheria nazo zipo. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Oman nayo ilitoa yake mwaka 2022. Sauti ya mtu, ikiwa yaweza kumtambulisha, ni data yake binafsi. Ukiulizwa imelala wapi, "sijui" si jibu la kumpa mwenye nayo.

Pamoja na mahali, kuna ruhusa. Kila kazi hufanywa kwa jina la akaunti fulani, na akaunti hiyo ndiyo inayoamua kazi iweze kufungua nini. Usipoitaja, huenda ikatumika akaunti ya jumla yenye ufunguo wa nyumba nzima. Kazi ya kusafisha sauti haihitaji kusoma barua za ridhaa zenye majina na namba za simu za familia. Mpe kila mfanyakazi ufunguo wa chumba anachofanyia kazi, basi.

Nisiyasahau malipo, maana wengi wanaojaribu kazi hizi ni wanafunzi na vikundi visivyo na mfuko mkubwa. Kuna kompyuta za bei ya chini sana ambazo mwenye nazo aweza kuzitwaa wakati wowote akizihitaji. Amazon hukupa onyo la dakika 2, Google sekunde 30. Ni nafuu ya kweli, ila tu kama kazi yako inahifadhi ilipofika. La sivyo itaanza upya kila mara, na nafuu itageuka hasara. Kuna pia onyo la bajeti. Wengi hudhani onyo hilo husimamisha kazi. Kwa kawaida hutuma ujumbe tu, na ujumbe ukikukuta umelala, gharama zitaendelea kukesha.

Basi, msikilizaji, ikiwa wewe, au mwanao, au kikundi chenu kina nia ya kufanya kazi ya namna hii, haya ndiyo niliyojifunza. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, lisomeni faili la mipangilio kwa sauti, mstari kwa mstari, kama tusomavyo mpangilio wa kipindi, na kila mstari uwe na mtu awezaye kusema kwa nini uko hivyo. Yale msiyoyaandika, yatafuteni katika maelezo ya kampuni mjue yatajazwa nini. Saa iandikwe pamoja na jina la majira yake. Jaribio la kwanza lifanywe kwa kazi iliyo ndefu na ngumu kuliko zote, wala si iliyo fupi, kwa kuwa iliyo fupi itapita hata katika mipangilio mibovu. Kisha hesabuni: vilivyoingia kila hatua na vilivyotoka. Idadi zikitofautiana, bomba lisimame, hata kama kioo ni cha kijani.

Sisi tuliandika faili letu upya. Lilipomalizika lilikuwa na mistari mingi kuliko la kwanza, na hakuna hata mmoja tuliourithi bila kuujadili. Sauti zilihamishwa hadi eneo ambalo familia zilikubaliana nalo. Kikomo cha muda kiliongezwa mara kadhaa, na ule mstari wa kuruka tukaufuta. Kazi ikaanza saa 8 usiku, saa 8 ya kwetu. Asubuhi tukahesabu. Zimeingia 60, zimetoka 60.

Kaseti ya mama wa bibi yule ilikuwa miongoni mwa hizo. Upande wa kwanza karibu wote ni majina. Nisalimie huyu, nisalimie yule, mwambie fulani nimeuona mzigo wake, mwambie fulani simlaumu. Mhariri yeyote wa redio, nami nikiwemo, angeyakata yote. Nilimtumia bibi maandishi yale, akasomewa na mjukuu wake. Baadaye alinipigia. Hakuniuliza juu ya kompyuta wala wingu. Aliniambia tu kwamba katika orodha ile ya salamu jina lake lilitajwa mara mbili, na kwamba kwa miaka yote alikuwa akikumbuka moja.